Gido ya Juu

Gido ilianguka mbele mikononi mwangu, nami nikaanguka nayo. Sikuiachia. Watu wa mji huu wanasema mengi juu ya siku ile, lakini hilo hawalijui. Mikono yangu ilikuwa imekamata sawasawa, wa kushoto na wa kuume, na kile nilichokamata ndicho kilichokwenda. Tulikuwa katika mteremko unaoshuka kutoka mlimani kwenda soko, maana tangu ziwa lilipopanda na kula barabara ya chini, wote tunapita juu. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Beseni lake la ndagala lilikuwa mbele yangu, juu ya tangi. Nilivuta breki kwa ajili ya shimo, shimo lilelile la kila siku, uzito wa mwili ukanijia mikononi, na gido ikazunguka ikalalia taa. Kifua changu kikapiga beseni. Pikipiki ikaenda ilikotaka yenyewe.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelalia shavu, uso wangu karibu na pikipiki kuliko ninavyoukaribisha kwa mtu. Pale katikati, kwenye taya za chuma zinazobana gido, ulikuwa umetoka ulimi mweusi wa mpira. Mpira wa ndani wa baiskeli, umekatwa kwa wembe. Nikauangalia bila kuelewa. Halafu nikamsikia mke wangu. Hakulia. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia:

"Umeruka?"

Mguu wake ulikuwa chini ya injini.

Kwa asiyepanda pikipiki, gido ni ile pembe ya chuma ambayo mwendeshaji anaikamata kwa mikono miwili ili kugeuza. Pikipiki yangu ilikuwa na gido yake ya kuzaliwa nayo, fupi, ya chini, nene katikati. Ilikuwa pikipiki ya mission. Padri mzee alikuwa akizungukia nayo vijiji vya upande wa Nyemba, na kiuno kilipomshinda wakaniuzia mimi niliyekuwa nikifyeka majani ya kiwanja chao. Shule sikwenda mbali. Vita ilinikuta mdogo, ikaniacha mkubwa bila daftari. Pikipiki ile njo ilikuwa shule yangu na shamba langu. Niliijua mpaka mlio wake wa asubuhi ya mvua.

Hapa Kalemie motari, mwendesha pikipiki wa kukodiwa, habebi watu tu. Bibi anatoka bandarini na gunia, au mfanyabiashara ameteremsha simenti ya Kabimba, na mzigo haukai nyuma, nyuma anakaa mwenye mzigo. Mzigo unakaa mbele, juu ya tangi, katikati ya mikono ya mwendeshaji. Kwa hiyo wote wanang'oa gido ya kiwanda na kuweka ile ndefu inayopanda juu kama pembe za ng'ombe, ili gunia lipite chini yake. Mwenye gido fupi kama yangu, akiweka gunia, gido inagonga gunia kila akitaka kugeuza. Nilikuwa nabeba watu wasio na mzigo: walimu, watu wa ofisi, wagonjwa.

Wenzangu wa parkingi, pale tunaposubiri abiria, walinicheka. Nikifika asubuhi nimeinamia gido yangu ya chini, mmoja alikuwa akisema:

"Padri, leo misa saa ngapi?"

"Mwache, anatafuta sindano imeanguka."

"Sindano? Yule anaomba msamaha wa tangi."

Nilicheka nao. Kicheko hakivunji mfupa. Aliyenivunja ni prezida wa parkingi yetu, na hapa ninamtaja kwa kiti chake, yeye na jua wanajua ni nani. Alinisimamisha mbele ya wote, filimbi yake shingoni.

"Papa, hapa kwetu gido zote ni juu. Jana mama mwenye magunia alikuja, wewe njo ulikuwa wa kwanza kwenye mustari, ukamukataa. Akaenda parkingi ya ng'ambo ya daraja. Wewe mutu mumoja unatufukuzia bantu."

"Pikipiki yangu ni ya zamani, Prezida. Imezoea gido yake."

"Pikipiki haizoei. Ni wewe umezoea. Ukirudi na ile gido ya padri, utapaki kwako nyumbani."

Nyumbani nilimweleza mke wangu, nikidhani atasikitika nami. Akafurahi. Miaka yote alikuwa akipakata beseni la samaki mapajani, maji yanamchuruzikia kitenge mpaka sokoni, anafika ananuka kabla ya kuuza. "Basi beseni litakaa mbele kwako," akasema, "na mimi nitafika soko kama mama wa watu." Alisema hivyo huku anakunja kitenge kipya, ambacho hakuwa amekivaa kwa sababu ya maji ya samaki. Nikaona neno limekwisha.

Muuza vipuri wa nyuma ya soko hakuwa na gido ndefu ya pikipiki ya aina yangu. Nilimwambia wazi, yangu ni nene katikati. Akazungusha moja mkononi, inang'aa, ya pikipiki mpya za siku hizi, akasema, "Gido ni gido, Papa. Fundi atajua." Huyu ndiye wa pili aliyenivunja.

Wa tatu ni fundi. Kibanda chake kiko karibu na gare ya treni, anatengenezea parkingi yetu yote, na ni mtu wa kuchekesha, hata leo ningependa kumchukia zaidi ya ninavyoweza. Nilimpelekea pikipiki na gido mpya asubuhi. Kwetu fundi hasimamiwi kichwani. Ukikaa unaangalia kila bulo anayofungua kwa spana, unamwambia mbele ya watu kwamba ni mwizi, na siku nyingine atakuweka wa mwisho. Tena jirani yetu alikuwa na matanga. Nikaiacha pikipiki, nikaenda kukaa na wafiwa.

Niliporudi gido ilikuwa imesimama juu, na katikati fundi alikuwa ameizungushia plastiki nyekundu na njano, urembo wanaoupenda motari wote. Sikuona taya. Nikajaribu nilivyojua. Nikageuza kushoto mpaka mwisho, injini ikanguruma yenyewe. Kabo ya moto, ule waya unaovuta mafuta, ilikuwa fupi kwa gido ile ndefu, inajivuta. Nikamwambia. Akacheka, akaiunga kipande, ikatulia. Nikabonyeza breki. Nikawasha taa. Nikazunguka gare nzima nimenyoosha mgongo kama askari, na wenzangu waliokuwa pale wakapiga makofi. Kabo niliikagua, breki niliikagua, taa niliikagua. Pale katikati niliona rangi nzuri, nikaenda nyumbani.

Baadaye, nikiukumbuka ule ulimi wa mpira, nilielewa kilichokuwa chini ya rangi ile. Gido ya siku hizi ni nyembamba, taya za pikipiki ya zamani ni pana, na bulo zikikazwa mpaka mwisho bado gido inacheza. Fundi mwema angenirudisha kwa muuza vipuri, au angetafuta kipande cha chuma kizima cha kuvalisha. Yeye alikata mpira wa baiskeli akauzungusha. Sisi watu wa hapa tunamaliza kila shida kwa mpira: tunafungia mizigo, tunazibia mabomba, tunashonea viatu. Mpira unashika vizuri sana siku ya kwanza. Halafu jua linaupasha, mtikisiko unaulainisha, unaanza kuteleza kama sabuni. Uliniachia kwenye mteremko siku ambayo mke wangu amevaa kile kitenge kipya.

Tulipoanguka, motari walifika kabla ya vumbi kutulia. Na hapa lazima niseme tunavyofanya, maana bila hilo hamtaelewa. Motari akianguka, kundi moja linabeba majeruhi, kundi jingine linabeba pikipiki. Polisi wa barabarani wakiikuta, inaingia kwenye kiwanja chao na haitoki tena, au inatoka mifupa. Kwa hiyo pikipiki inatoweka papo hapo, inakimbizwa kwa fundi. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba pikipiki za wenzangu mbio, nikiona nafanya wema, na ulikuwa wema. Polisi walipokuja siku ile walikuta ndagala wametapakaa barabarani na kuku wanawala.

"Pikipiki iko wapi?"

"Pikipiki gani, Shefu?" mwenzangu akajibu. "Hawa bazee balikuwa banatembea kwa miguu."

Hata mimi, damu mdomoni, nilimshukuru kwa macho.

Pikipiki ilipelekwa kwa fundi yuleyule. Alifungua taya zile kwa mkono wake mwenyewe. Aliuona ule mpira, hakuna njia asiuone, akautoa akautupa nisikokujua. Gido yangu ya zamani alikuwa bado nayo kibandani, akairudisha. Mke wangu alipokuwa hospitalini, mguu umetiwa vyuma, wenzangu walinijia nyumbani wanaisukuma pikipiki imeoshwa, imenyooka, gido ya padri mahali pake.

"Papa, usisumbuke tena. Tumekurudishia kama ilivyokuwa."

Na fundi alikuwa katikati yao. Aliniinamia, akanipa mkono, akasema, "Pole sana, Papa. Ni bahati mbaya." Nikaukamata mkono ule kwa mikono yangu miwili. Nikamshukuru. Mpaka leo nikikumbuka viganja vyangu vinavyombana, natamani niviweke kwenye maji ya moto.

Mke wangu alirudi nyumbani anaburuta mguu. Sokoni haendi tena. Dada yake anauza mahali pake, na jioni anamletea habari za soko kama mtu anavyomletea mgonjwa chakula. Hatugombani. Ingekuwa heri. Ananiandalia mboga ya sombe, ananiita Papa kama zamani, ananiuliza kama nimekula. Ila siku moja, anachagua mchele, alisema bila kuinua kichwa:

"Niliona mabega yako yanaenda mbele. Ukaruka ukaniacha."

"Sikuruka. Gido ndiyo ilianguka."

"Gido iko pale." Akaonyesha kwa kidevu. Pikipiki ilikuwa ukutani, gido yake fupi, imara, haichezi hata kidogo. "Sikulaumu. Muntu akiogopa, mwili wake unajiokoa wenyewe. Hata miye pengine ningeruka."

Amenisamehe, mnasikia? Amenisamehe jambo ambalo sikulifanya, na msamaha huo anautoa kila siku, kwa upole, pamoja na chai. Nimemweleza juu ya mpira, lakini sina hata kipande cha kumwonyesha. Ananisikiliza kama anavyomsikiliza mtu wa homa. Anakataa kupanda nyuma yangu. Kwenda kanisani anamwita motari mwingine, kijana, na mimi nawafuata polepole na kiti kitupu.

Nilikwenda kwa muuza vipuri. Akasema, "Mimi nimeuza gido. Ufundi sikuuza." Nilikwenda kwa prezida, nikamkumbusha nani aliniamuru kubadili. Akanivuta pembeni.

"Papa, unataka tumushitaki fundi wetu? Kesho pikipiki zetu zitalala kwa nani? Mama ni muzima, weye ni muzima. Shukuru Mungu."

"Mama si mzima."

"Anapumua."

Nikaenda kwa fundi mwisho, mchana, watu wamejaa kibandani. Sikupiga kelele. Nilimwambia, nieleze ulichoweka katikati ya zile taya. Alikuwa ameshika spana, akaendelea kufungua gurudumu la mtu.

"Papa, pikipiki yako ilitoka hapa na gido yake ya zamani. Kila mutu aliona."

"Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo sikumbuki. Natengeneza pikipiki nyingi."

Mtu mmoja akacheka, si kwa ubaya, kwa aibu. Fundi hakucheka, yeye mwenye mzaha kwa kila mteja. Akaniangalia mara moja, haraka, na nikaona anakumbuka vizuri mno. Halafu akarudi kwenye gurudumu lake.

Kwa hiyo naandika. Mwanangu atanisomea nikimaliza, aniambie palipokosewa, na mtu wa kanisani ameniahidi ataipiga kwa mashine. Wewe fundi wa karibu na gare unajua kusoma kuliko mimi, na wateja wako watakusomea usipotaka. Prezida abaki na filimbi yake. Muuza vipuri abaki na vyuma vyake, siku yao nitaitafuta. Wewe siendi kukushitaki. Sitaki kitu chako chochote, hata spana moja. Nyumba yangu unaijua, uliisukumia pikipiki mpaka mlangoni. Njoo mchana, mke wangu anakaa uani mchana wote. Mimi nitatoka nje kama unaniogopa. Kaa mbele yake umwambie ulichokata kwa wembe, ulikokiweka, na ulikokitupa siku tuliyoanguka. Mwambie mikono yangu haikuiachia gido. Mwambie kwa mdomo wako, kisha ujibu kila atakalokuuliza.