Leso ya Mama na Pua Iliyozoea

Siku ile siisahau, mwanangu. Ilikuwa Jumapili, niko huku ughaibuni, mtaa wa Dixon Road, juu ghorofani, nimeketi kitandani na leso ya marehemu mamangu puani, na sisikii harufu yoyote. Nisikize, usiikate simu kwanza.

Mama alifariki Mombasa nami nimeshafika huku, sikumzika. Nilichobaki nacho ni leso aliyoifukiza udi kabla sijasafiri. Nikawa nalala nayo usoni, madirisha yamezibwa kwa baridi. Kazini Malton, kwenye bohari la mizigo, sikuzungumza na mtu. Nikirudi nafunga mlango. Basi asubuhi hiyo harufu ikawa haipo. Nililia kama niliyefiwa upya. Nikasema, sasa hiki ni kitambaa tu, acha nikifue.

Ndoo ishajaa maji, hodi! Ni Bi Rukia, jirani wa chini, mzee wa Lamu, ambaye kila akigonga nilijifanya sipo. Siku hiyo nilifungua.

“Ebo! Nani kafukiza humu? Udi wanukia tangu kwenye lifti!”

“Udi gani, Bi Rukia? Hapana harufu hapa.”

Akaitazama ndoo, akaitazama leso, akaninyang'anya. “We mwana, una wazimu? Pua yako imezoea tu. Ndivyo mwili ulivyo: kitu kikikaa pale pale, huacha kukuambia. Nguo uliyovaa, ngozi yaihisi? Na hiyo pua yenyewe iko mbele ya macho yako siku zote, waiona? Vaa koti, twende nje.”

Tukazunguka kwenye theluji hadi masikio yakaniuma, yeye akisema peke yake. Tuliporudi, kufungua mlango tu, mama huyo! Nililia pale pale, Bi Rukia kanishika bega, huku ananisuta: “Umejifungia na mamako hata ukampoteza.”

Mwanangu, ukiona moyo hausikii tena kitu, usiseme umekufa. Toka nje, au mfungulie mtu. Peke yako huwezi kujua nyumba yako yanukia nini.

Sasa Bi Rukia ametangulia, na nyinyi mna shughuli zenu. Leso bado iko chini ya mto wangu. Sijui kama imebaki na harufu. Pua yangu haisemi. Usinipigie simu, njoo, uniambie wewe. Mungu akujaalie watu wa kukupigia hodi, na akupe moyo wa kuwafungulia.