Kila Mtu na Bakuli Lake

Ujumbe ulimfikia Ukasha Kondo kwa mdomo wa Saidy, mnunuzi wa ufuta.

"Mwanao Muzdalifa anasema uje ule kwake Jumamosi, pale Kibiti."

Ukasha akamshika mkono. "Amesema nije, au amesema nije nile?"

"Amesema uje ule, mzee. Au umeshiba?"

Kwa watu wa huku maneno hayo si madogo. Aliyekukasirikia ataitikia salamu yako, kwa kuwa salamu ni ya Mungu. Atakuzika, kwa kuwa maiti ni ya wote. Lakini hatakwambia njoo ule. Akikwambia hivyo amekwisha kukusamehe, kilichobaki ni kunawa. Ukasha alilijua hilo tangu utotoni, wala hakumuuliza Saidy neno jingine.

Alikuwa mchonga mitumbwi, mtu wa Umwe, na mikono yake ilizoea shoka na tezo kuliko kitu kingine chochote. Mitumbwi yake ilibeba mpunga wa watu wengi bondeni. Alioa wake wawili, Mwanawetu na Rukaya, na kila mmoja alikuwa na dungu lake shambani, nyumba zile za miguu mirefu ambamo mkulima hulala akilinda mazao. Mwaka ule mto ulipofurika, Muzdalifa, mtoto wa Mwanawetu, alikuwa darasa la pili. Maji yalipanda hadi sakafu ya dungu. Ukasha akaleta mtumbwi, akampakia Rukaya na kichanga chake, akamgeukia Mwanawetu akasema, "Nakuja."

Hakuja. Aliyewatoa mama na mtoto, kesho yake, ni Fikirini, mdogo wake Ukasha, mtu asiyejua hata kupiga kasia vizuri, kwa mtumbwi wa kuazima. Akawapeleka kwake Mtunda. Ukasha alisema maji yalikuwa makali, na amekuwa akisema hivyo tangu siku ile. Mwanawetu aliomba talaka akapewa, akafariki kabla mwanawe hajamaliza shule. Rukaya naye aliondoka kwa sababu zake, na watoto wake wako Dar, hawapigi simu. Ukasha akabaki na nyumba, redio, na uzee ulioingia bila hodi.

Muzdalifa alijifunza upishi Nyamisati, kwenye kambi ya Wajapani waliokuja kupima mikoko. Palikuwa na mama mmoja wa makamo kati yao ambaye kila jioni alipika chakula cha kwao cha nyumbani, kile ambacho mtu hupikiwa akitoka shule au akiugua. Muzdalifa alimsaidia kumenya viazi, kisha kukoroga, kisha kupika mwenyewe. Kambi ilipofungwa akajenga banda la bati nyuma ya kituo cha mabasi Kibiti, akaweka mabenchi na ubao. Supu aliichemsha kwa dagaa wakavu na mwani wa Mafia. Pombe ambayo wenzake wale walitia kwenye mchuzi yeye aliiacha, akatia ukwaju na sukari guru. Watu wakamwita Mjapani, ingawa ni Mmatumbi mtupu.

Jumamosi Ukasha alivaa kanzu iliyopigwa pasi na jirani, akafunga kambale wawili wakavu kwenye gazeti, akapanda basi. Alipofika bandani, adhuhuri ilikuwa imepita na mabenchi yamejaa. Dulla wa bodaboda alikuwa ameinamia supu ya tambi, anazivuta kwa sauti kama mtu apulizaye moto kinyumenyume.

"Dulla, hata ng'ombe hunywa kwa haya," alisema Saidy, aliyekuwa amekaa pembeni yake.

"Muulize Mjapani. Kwao kuvuta kwa sauti ndiyo shukrani."

"Kwao. Mama yako angekupiga mwiko."

"Ndiyo maana nimehamia huku," alisema Dulla. "Dada Muzda, leo tambi zina dagaa, au dagaa wana tambi?"

"Zina ulimi wako, ukiendelea," alijibu Muzdalifa bila kugeuka.

Wakacheka. Ukasha alisimama mlangoni, akapiga hodi.

"Karibu, mzee. Shikamoo. Kaa hapo penye nafasi."

"Marahaba, mama."

Alimwita mama, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. Akaketi, akaweka kambale chini ya benchi. Alitazamia ataitwa nyuma, jikoni, mahali ambapo mtu humkaribisha mtu wake. Akasoma ubao: kare, kuku wa chenga za mkate, tambi za supu, wali shuka. Dulla akamweleza kwamba wali shuka ni wali uliofunikwa yai, kama mtu aliyelala.

"Na nani ameleta kambale?" akaongeza Dulla, akinusa. "Harufu hii imenipeleka mtoni bila nauli."

Ukasha alitabasamu. Alikuwa bado anatabasamu Muzdalifa alipokuja na bakuli moja na kijiko kimoja. Ilikuwa kare: wali upande huu, upande ule mchuzi mzito wa kahawia, viazi, karoti, nyama laini. Mvuke ulipanda hadi kwenye kofia yake.

"Sinia liko wapi, tule?"

"Hapa hatuna sinia, mzee. Kila mtu na bakuli lake."

"Usihofu, mzee," alisema Dulla, "hakuna atakayekuibia tonge."

Muzdalifa alifuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda, akaketi mbele yake. Alikuwa na uso wa Mwanawetu, paji lile lile pana. Ukasha aliona amepewa nafasi ya kusema, akasema kilichokuwa karibu.

"Unakumbuka nilivyokuwa nakuchambulia miiba? Ulikuwa huli samaki mpaka nimchambue mimi."

"Nakumbuka."

"Kumbe hukusahau."

"Sijasahau kitu, mzee."

Kisha akaeleza alichomwitia. Amechumbiwa na Nassibu, fundi wa friji pale Kibiti. Nikahi ni Ijumaa baada ya swala, Mtunda. Ukasha alihisi kifua chake kinafunguka, kwa kuwa anayemwozesha binti ni babake, na hapana harusi bila walii. Akajiona ameketi mkekani, mkono wa kijana mkononi mwake.

"Nitakuja," akasema. "Hata kwa miguu nitakuja."

"Ngoja nimalize. Nilimwendea maalim. Amesema walii ni wewe maadamu uko hai, na hilo siwezi kulibadili. Ila unaweza kumwakilisha mtu, yaani kumpa ruhusa aniozeshe badala yako. Nataka umwakilishe baba mdogo."

"Fikirini?"

"Ndiye."

Ukasha alikitazama kijiko. "Nina miguu, nina ulimi. Nimwakilishe mtu kwa nini?"

"Kwa kuwa nimekuomba."

"Ulinambia nije nile."

"Saidy ndiye aliyesema hivyo. Mimi nilisema uje, nina neno nawe, na ukija nitakupa chakula. Singekuacha ukae na njaa."

Saidy akainamia bakuli lake.

"Maji yalikuwa makali, mama," alisema Ukasha.

"Najua. Baba mdogo alipita kwenye maji hayo hayo."

Hapakuwa na mtu aliyevuta tambi. Muzdalifa hakuwa amepandisha sauti, lakini banda ni dogo.

"Nikikataa?"

"Nitakwenda kwa kadhi, nimwombe aniozeshe yeye. Wataniuliza sababu, na itabidi niiseme mbele za watu. Sitaki kuisema. Nadhani nawe hutaki kuisikia."

Ukasha alipofumbua kinywa, sauti yake ilikuwa ya mchuuzi anayejua soko linafungwa.

"Nitamwakilisha. Lakini kwanza kula na mimi. Bakuli hili. Tonge moja tu."

Muzdalifa alimtazama, kisha akainuka, akanawa mkono wa kulia kwenye ndoo ya bomba, akarudi. Ukasha akasukuma bakuli katikati. Binti akakusanya wali na mchuzi kwa vidole, akatia kinywani. Babake alimkazia macho, akingoja kitu kilegee usoni: kope, shavu, pembe ya mdomo. Muzdalifa alikula kama mtu anavyomeza kidonge, bila kukionja, bila kukitazama, akijua kesho hatakunywa tena.

"Haya," akasema. "Sema. Saidy na Dulla watakuwa mashahidi."

Dulla akavua kofia yake ya pikipiki, akaishika magotini. Ukasha akasema, kwa maneno aliyoyasikia kwenye harusi za watu, kwamba yeye Ukasha bin Kondo amemwakilisha ndugu yake Fikirini bin Kondo kumwozesha binti yake Muzdalifa. Alikwama kwenye jina la mdogo wake, akalirudia likatoka.

"Tumesikia," alisema Saidy.

"Ahsante, mzee."

"Na mimi Ijumaa nije?"

"Harusi haifungiwi mlango. Njoo kama watu wanavyokuja."

"Nitakaa wapi?"

Muzdalifa alifikiri, kwani hilo hakuwa amejiuliza. "Wanaume watatandikiwa mkeka uani. Utakaa hapo."

Akainuka. Mwalimu mmoja kwenye benchi la nyuma alikuwa akimwita, anataka kuku, chenga ziwe kavu. Muzdalifa akaitikia, mafuta yakalia kikaangoni, na baada ya kitambo Dulla akarudia tambi zake, safari hii bila sauti.

Ukasha alishika kijiko. Alikuwa na njaa tangu alfajiri, kwa kuwa hakutaka kufika ameshiba. Alipotia kare kinywani aligundua kwamba ni tamu, tamu kwa namna ya mchuzi uliokaa jikoni muda mrefu na mtu asiyeuacha peke yake. Akatamani kumwambia. Muzdalifa alikuwa amempa mgongo, anageuza kuku. Akala mpaka mwisho, taratibu, kiazi kwa kiazi. Hapakuwa na punje humo iliyopikwa kwa ajili yake. Sufuria liliinjikwa asubuhi kwa yeyote atakayekaa kwenye benchi lile.

Manesi wawili waliingia, wakasimama wakitafuta pa kukaa.

"Mzee, samahani," alisema mmoja, "kuna mtu hapa?"

"Hakuna," alisema Ukasha, akasogea.