Muhogo wa Mama Uliotoka Chupani

Kazi yangu ni kuponya mihogo. Nikisema hivyo pale Gungu ninapoishi, watu hucheka, na bodaboda mmoja aliwahi kuniuliza kama huwa naidunga sindano. Siidungi. Muhogo ukishaugua shambani hauna dawa, na kwa kuwa hupandwa kwa pingili za shina, anayepanda pingili gonjwa amepanda na ugonjwa wake. Kule maabara tunakata ncha ya chipukizi, ndogo kuliko chembe ya chumvi, tunailea ndani ya chupa mpaka iwe mche usio na maradhi. Nyingi hufa.

Muhogo niliotaka kuuponya kuliko yote ulikuwa wa mama yangu, kule Ilagala. Ni mtamu, hauhitaji kulowekwa, na ukiuchoma ukaula na dagaa wa Katonga huongei na mtu mpaka umalize. Mama alikuja nao alipoolewa. Zamani kijiji kizima kilikuwa nao, lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulipoingia, wenzake waling'oa wakapanda aina nyingine. Ukabaki kwake tu, nao unaumwa: kwa nje unauona mzima, ukiupasua umejaa madoa makavu ya kahawia.

Nilihangaika nao misimu kadhaa. Chupa ziliingia ukungu, umeme ulikatika, nikawa nanuna nyumbani hadi mume wangu akawa ananisalimia kwa tahadhari. Hatimaye tukapata miche michache, tukaipima, ikawa safi. Tukaizidisha, mingine nikaiacha chupani iwe akiba, mingine nikaipeleka Ilagala nimeipakata kama mtoto mchanga. Baadaye ofisini wakataka nafasi ya kuweka mbegu zenye soko, na chupa za mama zikatolewa rafuni. Nilibisha, nikashindwa. Nikajituliza kwamba shambani upo.

"Mama, usiuchanganye na mingine," nilikuwa nimemwambia siku ile ya kuupeleka.

"Nimesikia, mwana wanje," akanijibu kwa Kiha, yaani mwanangu.

Kazi zikanibana, nikarudi mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna. Shamba lilikuwa zuri hata nikacheka peke yangu. Kisha katikati ya mistari nikaona mihogo ya majani mengine.

"Mama, hii imetoka wapi?"

"Si majirani! Walikuja kunipongeza kwa muhogo mpya, kila mmoja na pingili zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu akuletee mbegu mkononi, umwambie arudi nayo?"

Kwetu pingili ya zawadi hupandwa mwenye kuitoa akiwa bado amesimama pale, na aliyenifundisha hivyo ni mama huyo huyo. Nilichimbua muhogo mmoja wa majirani, nikaupasua. Kahawia. Nikapasua wetu. Kahawia. Nikaenda mstari wa mwisho kabisa, upande wa ziwani, huku namwomba Mungu kwa sauti. Huko pia ilikuwa hivyo hivyo. Hasira zilinijaa, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Inzi weupe wanaobeba ugonjwa huu hawajui mpaka wa mstari, na majirani walikuja kwa mapenzi.

Nikawaza kwamba angalau ugonjwa umo kwenye shamba moja. Tukiung'oa wote tukauchoma, tutaupoteza muhogo wetu, lakini utakuwa umeishia hapo.

"Mama," nikaanza, "haya mashina itabidi tuyachome."

"Mashina gani?" Aliangua kicheko. "Huoni nimeshayakata, yamebaki haya tu? Mengine nimewagawia wanakwaya wenzangu wote. Wengine wameyavusha mto, wengine wameyafikisha Ujiji kwa wakwe zao. Walikuwa wanaogopa magonjwa, nikawaambia huu ni safi, mwanangu ameutibu kwa mikono yake. Basi waling'oa mihogo yao yote wapate pa kuupanda."

Alinifuta udongo shavuni kwa ncha ya kitenge.

"Wanakushukuru sana," akasema.

"Nawashukuru na wao," nikajibu.