Miwani ya Wageni

Nimekulia Kaagya, katika nyumba ambayo vikombe vizuri vilifungiwa kabatini kusubiri wageni, sisi wenyewe tukanywea vya plastiki. Sikuwahi kuona ubaya wake. Kwa hiyo nilipokuwa mkuu wa kitengo cha eksirei katika hospitali moja wilayani Muleba, tukapewa miwani moja ya kukinga macho dhidi ya mionzi, niliifungia. Niliitoa wakaguzi walipokuja, au daktari bingwa alipotutembelea. Wakiondoka naifuta, naifungia tena. Na ukutani nilibandika kwa mkono wangu: Kinga ni bora kuliko tiba. Sikucheka hata kidogo.

Muuguzi wetu wa chumba cha upasuaji, mama aliyenizidi umri, ndiye aliyeshika miguu iliyovunjika wakati daktari akinyoosha mifupa na mashine yetu ya eksirei ikiwaka. Ajali za bodaboda hazikutupa likizo. Aproni nzito alivaa, lakini macho yake yalikuwa wazi, tena karibu na mashine kuliko ya mtu mwingine. Mimi nilirudi nyuma hatua kadhaa, kama nilivyofundishwa chuoni.

Alipostaafu nikasikia ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Daktari wa macho alimwambia umri unaweza kuleta hayo, na mionzi pia inaweza. Niling'ang'ania hilo neno umri wiki nzima, likakataa kunifaa. Nikapanda kwenda kwake Kamachumu.

Alikuwa amekaa barazani. Sauti yangu aliitambua kabla ya sura.

"Karibu, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, akanisogezea kibakuli cha kahawa ya kutafuna. Alikipeleka kando ya mkono wangu, hewani. Nikakifuata nikakipokea, nikatamani ardhi inimeze.

Alisema atafanyiwa upasuaji Bukoba wiki ijayo. Jicho la kulia lina matumaini. La kushoto hawakumwahidi kitu, na mwenyewe alikuwa ameanza kuhesabu migomba kwa kuigusa.

"Mama, kulikuwa na miwani," nikaanza. Nikamweleza yote, kabati, wageni, kufuli. Nilijiona mdogo kuliko nilivyowahi kujiona.

"Naijua," akanijibu taratibu. "Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya juu, chini ya daftari. Siku moja niliitoa nikaivaa. Nikasikia viatu vyako, nikairudisha."

"Ungeniambia tu, mama. Ningekupa."

Alitafuna punje ya kahawa.

"Uliwahi kumgombeza mwenzangu mbele ya wagonjwa," akasema, "kwa sababu ya alama ya kidole kwenye kioo cha miwani hiyo. Mionzi sikuiona, mwanangu. Wewe nilikuona."