Uso Wangu na Hisa za Baba

Kuna watu huazima chumvi. Baba yangu alikuwa anaazima uso.

Kila siku ya kazi, saa kumi na nusu jioni, nilikuwaga nimekaa barazani kwetu Mbagala namenya ndizi. Baba anakuja na simu, ananishikia usoni.

"Koku, angalia hapa. Usicheke."

Simu inafungua akaunti. Anakaa pembeni yangu, anatazama mstari wa bei ukipanda na kushuka, ananieleza habari za fuwele mpaka ndizi zinaisha.

Jumatano moja ya mwezi wa tatu, simu ikanikataa.

Uso hautambuliki.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Baba yangu, Mwalimu Adelard, alifundisha fizikia maisha yake yote. Alipostaafu, watu walimshauri anunue bodaboda, afuge kuku. Yeye akasoma mtandaoni kuhusu kampuni moja ya ng'ambo inayootesha fuwele mpya, madini yenye umbo kama kioo, ya kutengenezea chipu, vile vidude vinavyoendesha simu na kompyuta. Haipati moto kama silikoni inayotumika sasa. Ikikubalika viwandani, silikoni inakaa benchi.

Ikikubalika. Maana kampuni yenyewe ilikuwa haijauza hata kipande. Ilikuwa na maabara tu, na kiwanda kimoja kikubwa kilichokubali kuijaribu fuwele yake.

Baba akatia sehemu kubwa ya kiinua mgongo kwenye hisa zake. Kitambulisho chake kilikuwa kimepotea, ndiyo maana akaunti ikafunguliwa kwa jina langu na sura yangu.

Mama naye alikuwa na lake: nyumba tunayojenga Kimbiji. Kuta zimesimama, bati hakuna. Masika iliyopita ukuta wa jiko ulilala chini.

Jumatatu ya wiki hiyo aliniita jikoni.

"Mwanangu, ule uso ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi akikushikia hiyo simu, mwambie unauza. Mvua haisubiri hao Wazungu wake."

"Sawa, mama."

Kesho yake baba akanifuata kwenye kamba ya nguo.

"Mama yako akikuambia uuze, usikubali. Majibu ya kiwanda yanatoka Jumatano. Tukitoka sasa tutajuta."

"Sawa, baba."

Mie ni mtu wa sawa. Muuza duka akinipa pipi badala ya chenji, sawa. Lakini sawa mbili hizi haziwezi kukaa pamoja. Usiku nililia mpaka macho yakavimba, na Jumatano simu ikaniona mgeni.

"Fumbua macho," baba akasema.

"Nimefumbua."

Mama akatoka ndani. "Umemfanya nini mtoto? Mbona sura imeumuka hivyo, kama maandazi?"

"Mie? Si wewe unayemnong'oneza jikoni?"

"Ndiyo, nilimwambia auze. Akasema sawa."

Baba akanigeukia taratibu.

"Mie nilimwambia asiuze," akasema. "Akasema sawa."

Nilitamani niingie kwenye beseni la ndizi.

Kwa kukosa pa kutazama, nikachukua simu yangu nikatafuta habari za kampuni. Majibu yalikuwa yametoka. Fuwele haipati moto kweli, ila kwenye mitambo ya kiwanda vipande vingi vinapasuka. Wanaongeza mwaka mzima wa majaribio. Bei imeanza kuporomoka.

"Uza," mama akasema.

"Itarudi," baba akasema, akaninyanyulia tena simu usoni.

"Sitaki."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Miezi yote hii mnauomba uso wangu. Hakuna aliyeniuliza nafikiria nini. Na mie chuo nimesoma kemia."

Mama akakaa kwenye ngazi. Baba akauliza, kama darasani, "Haya. Unafikiria nini?"

"Fuwele ni nzuri, baba. Mie naiamini. Lakini kutoka maabara mpaka kiwandani ni miaka, na inaweza isifike. Tuuze hisa za kutosha bati. Zinazobaki zisubiri. Zikipotea, tutalia tukiwa ndani, hatunyeshewi."

Mama akacheka puani. "Haya, Mwalimu. Umesikia?"

"Ila akaunti haifunguki," nikasema.

Baba akatazama chini. Kisha akaminya tarakimu sita za siri kwa kidole gumba. Akaunti ikafunguka.

Mama akasimama. "Kumbe ina namba ya siri?"

"Niliiweka siku ya kwanza."

Baba akauza za bati, palepale, mbele yetu.

Leo bati ziko juu Kimbiji. Hisa zilizobaki zinapanda wiki hii, zinashuka wiki ijayo, na bado kila jioni naichungulia bei. Nilichojifunza si cha soko la hisa. Ukisema sawa kwa kila mtu, wote wanaondoka wakidhani uko upande wao, na wewe unabaki huna upande. Wapole wenzangu, semeni mapema, hata kwa sauti ndogo.

Ila sijawaambia alichojibu baba jioni ile nilipomuuliza: kama namba alikuwa nayo, uso wangu wa nini?

Alichukua kisu changu, akamenya ndizi ya mwisho.

"Niliogopa," akasema. "Nilitaka bei ikianguka, tuwe wawili."

Mama akachukua beseni, akaelekea jikoni.

"Si ungesema, Baba Koku," akasema bila kugeuka. "Tungekuwa watatu."