Siku Nilipotaka Kumwoza Neema kwa Kaka Yake

Nawasimulia, lakini chekeni taratibu, maana hadi leo nikipita karibu na ule ukumbi uso unaniwaka. Mimi ni Mganda, Muislamu, hijabu yangu ndiyo hii mnayoiona, na hapa Stockholm nafungisha ndoa za kiserikali. Mafunzoni niliuliza mbele ya watu kama naweza kukataa kuwaozesha wanawake wawili, nikajibiwa kwamba sheikh na mchungaji sheria inawaruhusu kukataa, lakini mimi ninayesimama kwa niaba ya serikali hainiruhusu, nikishindwa niache kazi. Nikawaza sana, nikabaki.

Sasa siku hiyo treni kutoka Fittja, mtaani kwangu, ikachelewa, nikaamua nisipoteze muda kusalimiana kwanza na maharusi kama kawaida yangu, niingie tu nianze. Nilichojua ni majina, Neema na Kim. Mbele yangu kasimama msichana mwenye shada la maua, ubavuni kijana wa suti, na nyuma kidogo dada wa Kiswidi anafuta machozi (nikasema moyoni, huyo shoga yake bibi harusi). Nikamgeukia kijana, tabasamu hadi masikioni, nikamuuliza kwa Kiswidi changu kilichonyooka: "Kim, unakubali kumuoa Neema?"

Kijana katoa macho. Ndipo mama mmoja akainuka kiti cha mbele, akapaza sauti kwa Kiswahili cha Bukoba:

"Dada! Kuja tu hapa nimejilazimisha, halafu unaniozea binti kwa kaka yake?"

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanatazama hijabu yangu, na mwenzangu wa kazini, aliyenisikia siku ile mafunzoni, akainamisha kichwa. Neema akaniuliza polepole, "Umefanya makusudi?"

"Wallahi sikujua. Nimechelewa, nimechanganyikiwa," nikasema.

Akanong'onezana na Kim wake, yule dada wa machozi (kumbe Kim kwa Waswidi ni jina la kike pia), kisha akasema, "Basi anza upya." Nikaanza upya, nikawafungisha.

Ijumaa nikamsimulia sheikh wetu, nikitegemea pole. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Binti yangu, ndoa kama hiyo mimi naruhusiwa kuikataa, wewe huruhusiwi. Lakini ya kaka na dada, hapo sote wawili haturuhusiwi kuifungisha!"

Tangu hapo sifungui mdomo ukumbini kabla sijauliza nani anaoana na nani, hata wakiniona mshamba.