Rimu Zisizokanyaga Vumbi

Sina sababu ya kukudanganya. Mtu wa umri wangu, mwenye shahada ya historia, hapati sifa yoyote kwa kutangaza kwamba aliwahi kupima rimu za gari pamoja na marehemu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kama ungekuwa uongo ningeutunga vizuri zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, vipuri vikipatikana kwa kujuana tu. Nilikuwa na gari dogo la Kiingereza, kuukuu, nililouziwa na padri aliyekuwa akirudi kwao. Alasiri moja nilitoka Tabora mjini kwenda Kwihara kuitazama njia ya zamani ya misafara, kwa ajili ya makala kuhusu wapagazi ambayo hadi leo sijakutana na mtu aliyeisoma. Wakati wa kurudi, jua likielekea kuzama, nikatumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua. Rimu moja ya mbele ikapasuka. Ya pili ilikuwa na ufa tangu zamani, na sasa ukawa mlango.

Nikiwa nimechuchumaa pale akaja mtu mzima, kofia ya kiua kichwani, amebeba mzega: mti begani, na kila ncha ya mti gurudumu limening'inia. Nikawakumbuka wapagazi wangu na pembe zao. Nikamwamkia, "Shikamoo."

Hakuitikia. Wewe ungewaza nini? Mimi nilidhani ni mjamaa wa kweli. Siku hizo tulikuwa na ndugu waliohubiri kwamba shikamoo ni salamu ya kitwana, na mimi mwenyewe nilishawahi kusimama chuoni nikalisema hilo kwa sauti kubwa. Nikaona haya, nikajirekebisha: "Habari za safari, ndugu?"

"Safari haijaisha," akasema. "Hizo zako zimekufa. Jaribu hizi."

Zilikuwa rimu za aluminiamu, za mtumba, zile za madaha ambazo gari halitoki nazo kiwandani, zimevalishwa tairi zenye meno mazuri. Nikamwuliza anataka nini.

"Sitaki kitu. Zikiingia, unipeleke Ziba kwa mke wangu."

"Si upande basi?"

"Nimekwenda mara nyingi kwa miguu. Nabisha hodi, hasemi karibu. Kanuna. Niliondoka na gari, nikamrudia bila gari. Mwanamke gani atafungua?" Akacheka kidogo. "Akisikia gari linanguruma mlangoni, atafungua."

Nilimhurumia. Nikamwahidi kwamba zikiingia tutaondoka jioni ile ile.

Sasa, rimu ya mtumba haivalishwi hivi hivi. Wengi huhesabu matundu ya bolti, wakikuta manne kwa manne wanashangilia. Mimi nilishachekwa vya kutosha na mafundi wa mjini, kwa hiyo nikachuma ujiti wa nyasi, nikaukata kwa nafasi iliyo kati ya bolti na bolti za gari langu, nikauweka kwenye rimu yake. Sawasawa. Tundu la kati likameza habu, kile kitovu cha ekseli, bila kubana. Nikakaza nati, nikazungusha kwa mkono. Haikugusa breki. Nikakata usukani kulia na kushoto, tairi halikukwaruza bodi. Muda wote huo alikuwa akinizunguka.

"Imeingia?"

"Subiri."

"Lakini imeingia?"

"Bwana, una haraka kama bwana harusi."

"Ndiyo," akasema.

Ya pili nayo ikakubali. Kikabaki kipimo kimoja, na hicho ndicho ninachokijutia. Rimu ngeni yaweza kulitoa gurudumu nje kupita kiasi, na ukitaka kujua, unakata kona pana kwenye vumbi kisha unashuka kusoma alama. Magurudumu manne yakikata kona huacha mistari minne. Nikaendesha, nikashuka, nikasoma. Niamini: mistari ilikuwa miwili. Ni ya tairi zangu za nyuma, vipara. Zake za mbele hazikuwa zimegusa kitu.

"Zimeingia?" akauliza kwa mbali.

Ningeweza kusema ndiyo, na ningekuwa nimesema kweli. Lakini nilikuwa nimesoma miaka mingi ili nisahihishe watu. "Zimeingia, ila hazikanyagi. Hebu njoo utazame."

Akaja, akainama. Akaitazama mistari yangu miwili. Kisha akatazama pale tulipokuwa tumefanyia kazi, kuzunguka gari lote. Alama za viatu zilikuwa tele, na zote zilikuwa za viatu vyangu. Nami sikuwa nimeliona hilo mpaka alipoliona yeye.

"Kumbe," akasema taratibu. "Kumbe hakununa."

Akaingia porini bila mzega wake, wala hakuelekea upande wa Ziba. Nilipogeuka, gari langu lilikuwa limekaa juu ya rimu zangu mbovu zile zile.

Masika yalipopita nilifika Ziba. Haikuwa vigumu kumpata mkewe: nilipouliza, watu wakanielekeza kwa mjane wa dereva aliyepinduka na gari njia ya Tabora, akafa. Alikuwa amehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa kama madawati. Nilimwambia tu kwamba nilimfahamu mumewe. Akanipa kigoda na maji.

"Alikuwa akija," akasema. "Kila jioni, hodi. Niliogopa kuitika. Tulipohamishwa nikadhani atapotea, lakini nyumba hii aliijua siku ya kwanza. Nikazoea, shemeji. Ikawa silali mpaka nimsikie. Siku hizi naacha mlango bila komeo, na haji. Sijui nilimchosha?"

Nilikunywa maji yale mpaka kikombe kikawa kitupu, nikaaga. Gari nililiuza, na wanafunzi wangu wanashangaa siku hizi kwa nini kalamu yangu nyekundu ina upole.

Nawe, ukipita njia ya Kwihara jua likizama, akatokea mtu akakuuliza kama zimeingia, pima bolti, pima tundu la kati, kisha mfungulie mlango umpeleke anakotaka. Vumbi usilisome.